Upande wa Joto

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, na tafadhali usiiweke barua hii chini kabla ya kufika mwisho, maana tabia yako naijua. Natumaini u mzima, kifua hakikusumbui, na wateja bado wanakaa kwenye kiti chako bila kulalamika kwamba kinyozi huyu mdomo wake unafanya kazi kuliko mkasi. Mimi sijambo. Goti ni lile lile, macho ni yale yale, na nyumba ni ile ile, ila siku hizi naiona kubwa mno. Nimekupigia simu hupokei, meseji umeziona hukujibu, nikasema basi niandike, kwa sababu barua haikatwi. Anwani nimepewa na dada yetu, akanionya nisimtaje. Sasa nimeshamtaja, yaliyobaki malizaneni wenyewe.

Nianze na habari za chumba chako. Ulipohama nilimpangisha mwalimu mmoja wa sayansi, binti mpole, asiyepiga kelele hata akijikwaa. Naye kahamishiwa shule ya mbali, na huko alikopata nyumba, mwenye nyumba hataki kusikia habari ya mnyama. Akaja kuniomba nimlelee mijusi wake wawili. Usicheke. Si mjusi kafiri wa ukutani, yule anayekudondokea kwenye chai. Hawa ni wa manjano wenye madoa kama ya chui, mkia mnene, hawawezi kupanda kioo wala ukuta, na wana kope kama mimi na wewe. Ukimtazama anakupepesea macho taratibu, utadhani anakusikiliza. Mkubwa nimempa jina la Bosi, mdogo namwita Mkimya. Mwalimu aliponiuliza kama sitaona taabu, nilikubali kabla hajamaliza kuuliza. Alikuwa anaondoka, na nilitaka kitu chochote kibaki.

Walikuwa kila mmoja na kisanduku chake cha plastiki, kidogo, cha kubebea tu. Mimi nikadhani amewatenga kwa kukosa nafasi, nikamwambia nitawatengenezea nyumba kubwa wakae pamoja wasiwe wapweke. Akacheka kwa adabu. Akanieleza kwamba mjusi wa aina hii hajui upweke, tena ukimweka na mwenzake, mwenye nguvu atapakalia mahali penye joto, na mnyonge atakaa pembeni bila kula, mpaka mkia usinyae. Nilikukumbuka wewe, na sikupenda nilivyokukumbuka.

Basi nikaingia kazini. Unaikumbuka ile friji ya kioo ya duka la marehemu shemeji yako, iliyokuwa inapangwa soda? Ilikufa zamani na sikuwa na moyo wa kuitupa. Nikaitoa mashine yake, nikailaza ubavu juu ya benchi, mlango wa kioo ukaangalia mbele. Katikati nikaziba kwa ubao, Bosi huku, Mkimya kule. Friji haipumui, hilo sihitaji kufundishwa, kwa hiyo nikatoboa matundu juu na ubavuni nikayaziba kwa wavu, na mpira wa mlango nikauvua. Chini nikapanga vigae, kwa kuwa mwalimu alisema mchanga wanaumeza ukawafunga tumbo. Nilikuwa napiga mluzi, mdogo wangu. Mimi fundi friji, niliyekula kwa kutengeneza baridi ujana wangu wote, uzeeni natengeneza joto.

Na hapo ndipo fundi mkubwa alipoumbuka. Mwalimu alikuwa ameniachia vijamvi vya umeme vya kupasha sakafu, na akasisitiza ninunue themostati yake, kile kifaa cha kupima joto na kukata umeme. Nikaona ninunue ya nini, wakati nina boksi zima la themostati kuukuu chini ya kitanda? Nikachukua moja nikafunga. Kumbe, na hili hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza angeliona, themostati ya friji inafanya kazi kinyume. Ikihisi joto inawasha, ikihisi baridi inazima. Kwenye friji ndiyo kazi yake. Kwenye kijamvi cha joto ni balaa: ndani kunachemka, na yenyewe inazidi kupeleka umeme. Mkono umezoea kuzifunga zile waya maisha yote, haukuniuliza. Tena vijamvi nilivitandaza sakafu nzima, ukuta hadi ukuta, nikijiona mkarimu.

Nikaenda kutazama jokofu la yule muuza nyama wa jirani. Niliporudi nilimkuta Bosi ametoka mafichoni mchana kweupe, mdomo wazi, amejibana kwenye kona ya kioo. Mkimya alikuwa amelala ndani ya kisahani cha maji, hata macho hapepesi. Unajua kuta za friji zilivyo, zinatunza joto kama zinavyotunza baridi. Nikang'oa waya, nikafungua mlango, nikamtoa Mkimya na kumweka kwenye kiganja. Tumbo lake lilikuwa la moto na mwili umelegea. Niliogopa. Nilisimama katikati ya sebule nikimwomba msamaha mjusi kwa sauti, na hakukuwa na mtu wa kunicheka.

Baadaye aliponyanyua kichwa, nilimpigia mwalimu nikamweleza yote. Hakunigombeza. Aliniuliza tu upande wa baridi nimeuweka wapi. Nikamjibu sikuuweka, kwa kuwa aliniambia wanapenda joto, nikawapa joto kila mahali. Akasema, "Mzee, usimchagulie. Weka joto huku na ubaridi kule, atakwenda mwenyewe anakotaka."

Nimebomoa nikaanza upya. Nimenunua themostati inayostahili. Sasa kila upande una ncha ya joto, ambako kigae ukikigusa utasema mtu ametoka kukikalia sasa hivi, na ncha ya baridi penye maji. Kila ncha ina kificho chake, nimevikata kwenye mabomba ya plastiki, na katikati kipo cha tatu chenye kitambaa kibichi, cha kuingia wanapotaka kujivua ngozi. Bosi alizoea siku ile ile. Mkimya alinitesa. Aligoma kula, nyenje niliomwekea awale wakawa wanamrukia kichwani na yeye hawatazami, mkia ukaanza kupungua, nikaanza kutunga namna ya kumwambia mwalimu. Kila nilipoamka nilikwenda kumtazama kabla ya kunawa uso. Halafu asubuhi moja nilimshikia nyenje kwa kibanio, akamtazama, akatikisa ncha ya mkia, akamdaka. Nilikaa chini, mdogo wangu, machozi yakanitoka.

Tangu hapo jioni zangu nazimalizia mbele ya kioo kile. Naona Mkimya anavyoanza upande wa joto, akishiba joto anahamia kule, akipoa anarudi. Hagombani na mtu. Na nikiwatazama nawaza madirisha ya nyumba hii. Wewe ukifunga, mimi nafungua. Ukivaa sweta nakuuliza kama unakwenda kupanda mlima. Na siku ile uliposema, "Kaka, hii si nyumba, ni friji, na mimi si nyama," mimi nilijibu nini? Niliinuka nikawasha feni. Umeniambia unasikia baridi, nami nikawasha feni. Wewe ukakunja nguo zako kimya kimya, na mimi nikabaki na kiburi changu na feni yangu. Nilivyofungwa waya kinyume mimi, ndivyo nilivyoifunga ile themostati.

Sasa nikwambie lililonifanya niandike. Chumba chako sijakipangisha tena. Dalali kaleta watu mara kadhaa, nimewaambia kina mwenyewe. Nimeziba ule ufa wa dirishani uliokuwa unakupigia upepo mgongoni. Nimetundika pazia zito, kitanda nimekihamishia kwenye ukuta unaopakana na jiko, ambako hupati baridi hata kukinyesha. Seremala ametoboa mlango wa kutokea uani, wa kwako peke yako, ili usipite kwangu kama hutaki kuiona sura yangu. Upande wangu madirisha yatabaki wazi, sitakudanganya kwamba nimebadilika kiasi hicho. Wako ufunge hata kwa misumari.

Na kuna jambo jingine ambalo sijamwambia mtu. Majirani wakiniuliza habari zako huwa nasema umesafiri kikazi. Kinyozi anasafiri kikazi kwenda wapi? Wao hubadilisha mazungumzo. Watoto wa hapa mtaani wananiita Profesa, kwa sababu nywele zimenifunika masikio, na mimi hucheka nao nikisema ndiyo mtindo wa wazee wa kisasa. Si mtindo. Tangu ulipoondoka sijanyolewa. Nilikwenda mara moja kwa yule wa kona, nikakaa, akanifunga kitambaa shingoni, nikainuka nikamwambia nimesahau maji jikoni. Sikuweza. Kichwa hiki hakuna aliyekishika zaidi ya mama, mke wangu na wewe, na sasa umebaki wewe tu.

Mwalimu alisema mjusi hajui upweke. Nimewachunguza na ninaamini. Lakini mimi si mjusi, ndugu yangu. Mimi naujua.

Nisalimie wateja wako wote, hata yule mwenye kipara anayekuja kwa ajili ya umbea. Dada yetu mwambie nimekosa, ulimi umeteleza. Bosi hasalimu mtu, lakini Mkimya nimemsomea barua hii na amepepesa macho, nami nimeichukua kuwa salamu. Ndani ya bahasha kuna ufunguo wa mlango wa uani. Huna haja ya kujibu, huna haja ya kubisha hodi. Ukija, njoo na mkasi.

Ni mimi kaka yako,
wa upande wa baridi.