Reli Inapita Alipolala Baba

Kaka Seif,

Mwenzio nnaogopa. Mimi, Humud, niliyemfukuza simba stesheni kwa kandambili! Simba huyo wewe unamjua, na unajua alikuwa mbwa wa stesheni masta. Lakini leo sina mzaha.

Tangu tulipokuzika mambo yamegeuka. Soko la Mawaleh hapa Maskati limehamishwa, na baraza yetu ya kahawa imekufa nalo. Binti yako Raya yuko chuoni Al Khoudh, anazidi kufanana na wewe kwa kuuliza.

Sasa sikia. Wamepiga simu kutoka Bukene, kule bara, stesheni tulikozaliwa. Reli mpya inapita makaburini. Mwenye mtu wake aende akamwonyeshe, ahamishwe. Asiye na mtu atabaki hapo hapo, chini ya treni.

Tukakusanyika nyumbani kwako, nani aende? Nikajipiga kifua: "Nifungeni kitambaa machoni, mnizungushe mpaka nilewe, kaburi la Baba nitaliendea moja kwa moja!" Raya akanitazama. "Ami, si mliondoka kule hata meno ya pili hujaota?" Nikamwambia akili mimi nilizaliwa nazo. Wakacheka, wakanikatia tikiti. Keshokutwa nasafiri.

Wallahi, kaka, silijui. Makaburi yetu sisi jiwe kichwani, jiwe miguuni, jina hakuna. Wewe ndiye uliyerudi kule ukubwani, ukaja ukasema, "Nimemzuru Baba, yuko safu ya mwanzo ukiingia, pamoja na wenziwe." Nami sikukuuliza ni la ngapi. Nilikuwa nawahadithia watoto vipi Baba aliisimamisha treni kwa kuvua kanzu na kuipepea, ndio pakawa stesheni. Ukaninong'oneza, "Tia chumvi, Humud, lakini na mchuzi uwepo."

Mchuzi ulikuwa wako. Baba alishuka na robota la nguo katikati ya mbuga, majani mpaka kifuani, hapana kitu ila tangi la maji ya injini. Akamkuta fundi Mpunjabi aliyelijenga tangi, na Mmanyema aliyetandika reli mpaka pale akakataa kwenda nayo mbele. Baadaye akaja Mbulushi na cherehani yake. Hao wanne ndio mji. Walikula sinia moja, wakazikwa safu moja.

Nikinyoosha kidole pabaya nitamhamisha Mbulushi, na Baba yetu atapitiwa juu na mabehewa mpaka Kiyama. Nikifumba macho naisikia honi. Na Raya sijamwambia.

Asubuhi ya leo, nikiwa natia udhu, ndipo nikaona njia. Sitanyoosha kidole. Wakiuliza yupi wako, nitasema wote. Huyu baba, na huyu, na yule, na yule pale. Watasema, mzee, mtu ana baba wanne? Nitawaambia sisi watoto wa stesheni ndivyo tulivyolelewa, na nitasimulia mpaka wachoke, wachimbe safu nzima. Khofu haitaniacha, najijua. Nitasimulia nayo hivyo hivyo.

Lala salama, Kaka Seif, Mungu akupe nafasi na nuru huko uliko. Nakuahidi sitatia mguu Maskati mpaka wote wanne wamelazwa upya, ubavu kwa ubavu, na Baba yetu akiwemo, hata nisipojua ni yupi.

Mdogo wako,
Humud