Bila Nta

Dada mpendwa,

Salamu tele. Goti linasemaje? Na shemeji, bado anakoroma kama mashine ya kusaga, au umeshamhamishia sebuleni? Mimi mwili mzima. Kilichovimba ni roho.

Tumeletewa mkuu mpya wa shule, kijana wa miaka thelathini na ushee. Siku ya kwanza aliwahutubia wanafunzi juu ya neno la Kiingereza “sincere”, yaani mtu mkweli, asiye na hila. Akasema limetoka Kilatini, sine cera, “bila nta”: eti wachongaji walaghai wa kale waliziba nyufa za sanamu kwa nta, na mwaminifu aliuza yake bila nta. Makofi! Wiki iliyofuata fundi rangi akayaandika hayo ukutani, herufi kubwa kama milango.

Dada, ni porojo! Nimefungua kamusi tatu. Kilatini chenyewe ni sincerus: safi, kisichochanganywa na kitu. Nta haimo. Yaani tumelizulia uongo neno la ukweli, tena shuleni, tena kwa rangi ya mafuta! Nilimwandikia mkuu barua mbili, hakujibu. Nikahubiri katika ofisi ya walimu mpaka chai zikapoa. Mwalimu wa hesabu akaniambia nimeze tu, mzee, nta haikwami kooni.

Ijumaa nikamvamia mkuu ofisini, kamusi kwapani, nikamuuliza ni mjinga gani aliyemfundisha upuuzi ule.

Alisimama kwa adabu, akasema ni mimi, mwalimu wake. Kidato cha pili, dawati la mbele, aliniuliza neno lile limetoka wapi, nami nikamjibu hivyo hivyo. Akasema ameishi kwa jibu lile miaka ishirini. Hata barua zangu alishindwa kuzijibu kwa kuniheshimu. Kama ni uongo, akasema, nitamke tu, atayafuta maandishi.

Nikamwambia aache kwanza. Nikatoka, kamusi nikaisahau mezani.

Ukweli nakuambia wewe peke yako: siku aliponiuliza darasani sikujua. Watoto arobaini walikuwa wakinitazama, nikaokota hadithi niliyoisikia kwa kinyozi. Ufa ulikuwa wangu, na nta niliipaka mimi.

Jumatatu nitasimama chini ya ukuta ule, mbele ya shule nzima, niseme neno lililonishinda siku ile: sijui. Tangu jana najizoeza mbele ya kioo. Nta haikwami, Dada, lakini hili linakwama kweli.

Wabusu wapwa zangu, na shemeji mwambie alale ubavu.

Mdogo wako,
Mbishi