Maji ya Kuluba na Hesabu Yangu

Koboko, Jumapili

Baba Zawadi mpenzi,

Pokea salamu zangu kutoka huku Koboko. Mwili ni mzima, ila akili haitulii. Kile kikohozi chako kimekwisha, au bado unakunywa tangawizi bila asali kwa ubahili? Na Zawadi, jino limeota? Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu unanikatiza kabla sijafika kwenye jambo lenyewe. Nitaipiga picha nikutumie leo, uisome yote kwanza. Tangu nianze kuandika nimeshainuka mara kadhaa, nikafagia chumba ambacho ni kisafi.

Huwa unanicheka kuwa nimetoka Morogoro hadi Uganda kuja kugawanya namba moja kwa nyingine. Ni kweli, mwalimu wangu. Tunajenga wodi ya wazazi huko Kuluba. Kila mwezi nachukua kazi iliyokwisha, naipa bei tuliyoipangia kwenye bajeti, kisha naigawanya kwa fedha tuliyotumia kweli. Jibu likizidi moja, tumejenga kwa nafuu. Likipungua, fedha inakwenda haraka kuliko kazi. Basi.

Jibu letu lilikuwa moja na robo. Ofisini Arua walipiga makofi. Mkuu wangu, mtu mpole kwa kweli, akasema wodi ya pili ijengwe kwa gharama hiyo hiyo, mahali palipo mbali zaidi na maji, na mimi niisimamie. Mwaka mwingine wa mshahara! Nilifurahi mpaka nikanunua kitenge. Halafu ile furaha ikaanza kunikera, kwa sababu sikujua nafuu hiyo imetoka wapi.

Nikapanda boda hadi Kuluba. Nikawakuta kina mama wanapanda kutoka kijitoni, madumu kichwani, wengine na mabeseni ya mchanga. Siku zote nilikuwa nikiwaona, nikidhani wanasaidia kidogo tu. Kumbe maji yote ya zege na mchanga wote vimepita vichwani mwao. Kwenye bajeti tuliweka gari la maji na lori la mchanga, na hayakuwahi kuitwa. Kwa hiyo kazi nimeipa bei ya gari, na matumizi nikaandika sifuri. Huo ndio ubingwa wetu.

Mwenyekiti wao ni Mama Kiden, mwanamke mrefu anayeongea huku anafanya kazi. Nikamuuliza kwa nini wanabeba.

"Wodi iko ya sisi," akasema. "Mimi nilizaa Kiden kwa barabara, juu ya boda. Tuliambiwa pesa ya maji hakuna. Basi, sisi nabeba."

"Na shamba?"

"Shamba bado. Mvua iko karibu, na mimi hapana shika jembe."

Niliporudi nikaingiza maji na mchanga kwenye matumizi, kwa bei ya gari. Jibu likaanguka chini ya moja. Umeona? Fedha yetu inapotea kweli, maana saruji inaganda kwenye stoo ambayo paa lake linavuja, na jasho la kina mama ndilo lililokuwa likificha hasara hiyo. Nikampigia mkuu.

"Rehema, kilichotolewa bure ni bure," akasema.

Kwa vitabu vya fedha yuko sawa. Lakini wodi ya pili imeshafutiwa gari la maji kwa sababu ya namba yangu, na kina mama wa huko hata hawajaulizwa. Nilichemka, nikamwambia hivyo. Akasema nikituma namba ya chini wafadhili watasita, na kazi yangu huenda ikaishia hapo.

Ijumaa nilituma namba zote mbili, pamoja na maelezo. Jana nikaenda kumweleza Mama Kiden. Nilidhani atanishukuru. Akatua dumu.

"Kumbe gari ya maji ilikuwa iko?"

"Kwenye bajeti, ndiyo."

"Na wewe ilijua?"

"Nilijua ipo. Sikujua mmeambiwa hakuna pesa."

Akanitazama mpaka nikaangalia pembeni. "Jumatatu sisi nakuja," akasema. "Lakini jerikani inabaki nyumbani."

Kwa hiyo kesho, gari la maji lisipofika, mafundi watakaa bila kazi. Linta, ule mkanda wa juu ya milango na madirisha, haijamwagwa zege, na mvua haitatusubiri. Ofisini watasema ni mimi niliyewavuruga watu waliokuwa wakijitolea kwa moyo. Labda ni kweli. Nina hasira na mkuu, nina hasira na nafsi yangu, na naogopa. Ofisi haijanijibu. Simu ikilia nashtuka, kumbe ni tangazo la vocha.

Nisalimie mama mkwe wangu, mwambie namshukuru kwa kunilelea mtoto. Msalimie wifi yangu Mwajuma, na Hamisi fundi baiskeli, jirani yetu mwema anayempeleka Zawadi shule. Zawadi mwenyewe mbusu, hata akikataa.

Najua ukimaliza kusoma utashika simu. Piga, nataka kusikia sauti yako. Ila nakuomba usiniambie nirudi nyumbani. Ukiniambia nitafunga mizigo usiku huu huu, na kesho asubuhi lazima niwepo Kuluba kina mama wakifika mikono mitupu.

Mkeo anayekuwaza,
Mama Zawadi