Gari Lilipokataa Gia

Same,
Jumanne, 14 Mei 2024

Kaka Melkizedeki,

Shikamoo, kaka. Habari za Mwanza, na wifi anaendeleaje na ule mguu? Picha za watoto tumeziona, wamekua mno. Huku mvua imetushika, barabara za juu zinateleza na tangawizi bado iko shambani. Baba hajambo, ila mkono wake wa kushoto uko kwenye plasta. Najua alikuambia aliteleza kibarazani. Si kweli. Alificha ili usinigombeze. Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ungenikatisha kwa maswali, nami ningeanza kudanganya.

Ni habari ya lile gari ulilomwachia. Tangu mwezi wa tatu lilianza visirani. Likitoka Same kupanda nyumbani Mamba, kule mlimani, linakwenda vizuri mpaka lipate moto, kisha taa ya gia inaanza kupepesa kwenye dashibodi, gari linang'ang'ania gia kubwa na halivuti tena. Likipoa, linakuwa zima kabisa. Baba aliamini kwamba Paschal, dereva, ameliua kwa kulibebesha magunia. Hata wewe ulimfokea. Baba akamfukuza, naye akakabidhi funguo akarudi kwao Hedaru.

Gari likaletwa gereji kwetu. Mafundi wenzangu walisema giaboksi imekufa, itafutwe nyingine. Nilikataa. Oili yake ilikuwa bado nyekundu, haina harufu ya kuungua. Nilipochomeka mashine ya kusoma hitilafu, ikataja solenoidi, yaani zile koili za umeme zinazobadilisha gia. Nikazipima kwa mita, zote nzima. Nikawaambia kinachokufa kwa joto na kufufuka kwa baridi ni waya, na kwamba nitalipandisha mlimani lichemke nilione likiugua.

Baba akataka twende wote. Taa ilianza kupepesa tulipokaribia nyumbani. Nilikusudia kulichungulia gari pale, lakini majirani walijaa uani, basi nikaliacha lipoe mpaka taa ikazima. Tulipoanza kurudi, kwenye ule mwinuko kabla ya kanisa, taa ikarudi.

Baada ya kanisa ni mteremko. Nikashusha gia hadi 2 ili injini ilizuie gari. Halikuzuilika. Kona ya kwanza nilikanyaga breki, ya pili harufu ya kuungua ikajaa ndani. Ya tatu pedeli ikazama hadi chini. Baba alikuwa ananisimulia habari za mpaka wa shamba. Kisha akaniuliza taratibu, "Justa mwanangu, mbona hatupunguzi?" Mbele yetu walikuwepo kina mama wawili na mizigo kichwani, na upande wa kulia chini kabisa nikaona mabati ya nyumba za watu. Nikapiga honi, nikavuta gia hadi L, ile ya chini kabisa isiyotegemea umeme. Gari likaruka, nyuma ikayumba, nikalibamiza kwenye ukingo wa udongo, likajiburuza hapo mpaka likasimama. Mkono wa Baba ulivunjikia mlangoni. Wale kina mama walikuwa hatua tano mbele yetu.

Kesho yake nililala chini ya gari. Waya wa giaboksi ulikuwa umelalia bomba la ekzosi, plastiki imeyeyuka, shaba inagusa chuma. Palipoyeyuka palikuwa na kiungo kilichofungwa kwa tepu ya bluu.

Kaka, tepu hiyo ni yangu. Mwezi wa pili panya waliukata waya huo, nikauunga mimi, na kwa haraka sikuubana mbali na ekzosi. Wala hilo si baya zaidi. Mashine ilipotaja solenoidi, nilikumbuka palepale. Ningeingia chini dakika tano tu ningeona. Sikuingia, kwa kuwa mafundi walikuwa wamenizunguka, Baba amekaa kwenye benchi, na Paschal alikuwa ameshafukuzwa kwa kosa langu. Baba alipopanda gari nilishindwa kumwambia ashuke, maana angeuliza kwa nini.

Juzi nilikwenda Hedaru. Paschal anapakia vitunguu kwenye malori. Nilimweleza yote mbele ya mkewe, Devotha, nikamwomba arudi kazini. Paschal aliuliza kwanza mkono wa Baba unaendeleaje. Kisha akasema hatarudi kuendesha mpaka niliandike jambo hili kwa mkono wangu, lifike kwako uliyemfokea, na Baba alijue.

Waya nimebadilisha na kuubana, breki nimefunga mpya. Lakini sijaendesha gari kushuka mlima wowote tangu siku ile.

Kesho asubuhi napanda Mamba kwa bodaboda kumsomea Baba barua hii kabla sijaituma. Sijui atanitazamaje. Ikikufikia, basi ujue ameshaisikia.

Msalimie sana wifi, na watoto uwabusu kwa niaba ya shangazi yao.

Ni mimi mdogo wako,
Justa