Waya Uliochomolewa Sabato Ikiingia

Nyakoe,
Jumapili asubuhi.

Kwa Baba yangu mpendwa, Mzee Jethro,

Tata, pokea salamu zangu, wewe pamoja na Mama ambaye najua amekaa hapo kando akikuhimiza usome kwa sauti. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua unaitumia, au bado iko juu ya kabati ikipambwa na vumbi? Nimesikia mvua ya mawe imepiga chai huko kwenu. Namwomba Mungu iwe imewabakizia majani machache ya kuchuma. Mimi ni mzima wa mwili. Moyo ndio unaonisumbua, na ndiyo sababu nimekaa kuandika.

Usiudhike kwamba nakuandikia Kiswahili. Kwa Ekegusii ningefika mstari wa tatu nikaogopa, kwa maana chinsoni zetu, zile haya za heshima kati ya mtoto na mzazi, hazimpi mtoto ruhusa ya kumkazia baba yake macho akamwambia jambo zito. Kwa simu nayo ungenikatia, tusidanganyane. Kwa hiyo nimempa jirani yetu Mose barua hii akuletee mkononi, na nakuomba kwa heshima zote uisome mpaka mwisho kabla hujaita mtu. Kuna mwanamume hapa chuoni anakaribia kufukuzwa kazi kwa kosa ambalo hakulifanya.

Unalijua darasa langu. Ni vijana wa hapa Kisii na Nyamira, na wengine wametoka kule upande wa ziwa, wamekuja kujifunza kuchambua takwimu kwa kompyuta. Kompyuta zenyewe ni za kuhurumiwa. Ukiwasha moja, unaweza kwenda kuchota maji ukarudi, bado inajifikiria. Ndipo nikapigania tupate mashine moja yenye nguvu, ambayo tunaiita seva, nikaipanga ili kila mwanafunzi aifikie kutoka kwenye kompyuta yake mbovu au hata simu yake. Mwanafunzi akiingia, mashine inamtengenezea chumba chake mwenyewe, na chumbani humo anakuta daftari: anaandika amri, na jibu linatokea papo hapo chini yake. Akikosea, anaharibu chumba chake tu, jirani hata hajui.

Vyumba hivyo tunaviita kontena. Ulipokuja kututembelea uliniuliza kama ni ndugu wa yale makontena ya Keroka wanamouzia vipuri na mitumba, nami nikacheka mpaka wanafunzi wakageuka. Lakini hukukosea sana, Tata. Uwanja ni mmoja na kila mtu ana mlango wake. Tofauti ni kwamba makontena yangu hayadumu. Nilikuwa nimeiamuru mashine kwamba kila inapowashwa upya ibomoe vyumba vya zamani na kujenga vipya, ili uchafu usirundikane. Ndiyo maana kazi ya mwanafunzi inapaswa kuwekwa stoo, na stoo ikae nje ya chumba. Mimi nilijenga stoo ndani ya chumba. Wiki zote hizo sikugundua, kwa sababu mashine haikuwahi kuzimika. Umeme ukipotea, betri inaishikilia mpaka jenereta iwashwe. Nilikuwa natembea kifua mbele, nikijiona fundi.

Sasa ikumbuke ile Ijumaa uliyokuja. Ulituletea ndizi, tukafurahi, ukawaombea wanafunzi wangu maombi marefu kidogo, ukaketi nyuma ya darasa ukitazama. Jua lilipoanza kushuka tukatoka haraka ili ufike nyumbani kabla Sabato haijaingia. Tulikuwa tumefika langoni uliposema umesahau kofia. Nilitaka nikuchukulie mimi, ukakataa, ukasema miguu yako bado ni yako. Ukarudi, mtunza majengo wetu, Benard Akong'o, akakufungulia mlango, kisha nikakusindikiza mpaka ulipopata gari.

Mashine niliiacha ikifanya kazi, kwa ruhusa. Mkuu wa chuo, Mwalimu Machogu, alikubali kwamba kwa kuwa wapo wanafunzi wanaosali Jumapili, iachwe Jumamosi wasome kwa simu zao huko bwenini, bila Msabato yeyote kuigusa. Mwenyewe ni mzee wa kanisa kama wewe, na aliliombea jambo hilo kabla ya kusema ndiyo.

Jumapili nilipofungua darasa nilikuta kimya. Waya umechomolewa kutoka kwenye betri, mashine imelala. Nikauchomeka, nikaiwasha, nayo ikafanya kama nilivyoiamuru: ikabomoa vyumba vyote na kujenga vipya, vitupu. Bei zote za ndizi na mboga ambazo vijana walikuwa wamekusanya muhula mzima katika masoko ya Nyakoe, Keroka na Kenyenya, hakuna. Nyanchoka, yule msichana mrefu uliyesema anafanana na shangazi, alikuwa akienda Kenyenya kila siku ya soko, mvua isimzuie. Alifungua daftari lake, akalifunga, akalifungua tena. Hakulia. Mimi ndiye niliyetoka nje nikalia nyuma ya tangi la maji, na sioni haya kukuambia.

Kisha nikapangusa uso nikarudi. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, hilo umetuambia tangu tukiwa wadogo. Niliwaambia wanafunzi wazi kwamba kupotea kwa kazi yao ni kosa langu, kwamba mwalimu wao alijenga stoo mahali pasipofaa. Wapo walionuna, na nina mmoja ambaye hadi leo ananisalimia huku akitazama ukuta. Lakini tulianza upya siku hiyohiyo. Stoo nimeitoa nje ya kontena, kwenye diski nyingine kabisa, kisha mbele ya darasa zima nikachomoa waya kwa makusudi, nikauchomeka tena, kila mtu akakuta kazi yake pale alipoiacha. Walipiga makofi, wajinga hao. Bei za zamani wanazitafuta kwenye simu zao, kwenye karatasi, kwa akina mama wa sokoni wenye kumbukumbu. Watahini kutoka nje watafika mwisho wa mwezi na watakuta kazi ya kutazama. Hilo halinipi wasiwasi tena.

Linalonikosesha raha ni Benard. Ufunguo wa chumba kile tunao watu wawili tu, mimi na yeye, na mimi nilionekana na kila mtu nikikusindikiza. Basi Jumatatu Mwalimu Machogu akamwita. Akamwambia kwamba mtunza majengo asiyeshika Sabato amefanya hila kwa kukasirishwa na mambo ya Wasabato. Wengine wakadakia kwamba hawa watu wa kutoka ziwani ndivyo walivyo. Nilisikia hayo kwa masikio yangu, Baba, kutoka kwa walimu wanaoimba kwaya. Huyu Benard ameishi hapa mpaka watoto wake wanazungumza Ekegusii kuliko wangu wa kuzaliwa wangezungumza, kama ningekuwa nao. Alijibu neno moja tu, kwamba yeye hakuigusa mashine. Akasimamishwa kazi, na Jumatano hii kamati inakaa ili imfukuze.

Alhamisi Mama alinipigia simu. Tulizungumza habari za nyumbani, kuku, harusi ya jirani, kisha akaniambia huku akicheka kwamba Baba siku hizi anajisifu. Kwamba Ijumaa ile alifika nyumbani amefurahi, akamsimulia jinsi alivyoikuta mashine ya binti yake inanguruma na Sabato imekaribia, akajua mtoto kasahau kwa haraka ya kumsindikiza, akamwokoa na aibu bila hata kumwambia.

Nilimuaga haraka, Tata. Na papo hapo nikauona ule waya jinsi nilivyoukuta: umeviringwa kwa utaratibu, ncha imepitishwa katikati, umewekwa juu ya meza. Ndivyo unavyouviringa waya wa redio nyumbani kila Ijumaa, baada ya kufunika moto na kabla ya kutuita kwenye wimbo. Niliutazama waya ule Jumapili na sikutaka kuujua mkono ulioukunja.

Nilikwenda nyumbani kwa Benard siku hiyohiyo. Nilimkuta akipalilia mboga zake kwa hasira, anakata hata yasiyo magugu. Nikamuuliza kama aliona. Akasema aliona tangu mwanzo. Alisimama mlangoni, akakuona umeinama ukichomoa waya, akadhani mimi ndiye niliyekutuma. Nikamuuliza kwa nini amenyamaza. Akanijibu bila kunitazama kwamba mgeni akimtaja mzee wa kanisa, tena baba wa mwalimu, ataaminiwa na nani? Akasema alikuwa anangoja aone kama mimi nitakuja kuuliza. Na kwamba nimechelewa. Ni kweli.

Sikulaumu kwa kuuchomoa, na nataka ulisikie hili vizuri. Ulifanya kwa mapenzi. Ungeniuliza, ningekuambia kwamba hata ng'ombe wako hucheua Sabato na hujawahi kumfunga mdomo, tungebishana, ungeshinda, tungecheka. Na kazi ya vijana ilipotea kwa uzembe wangu, si kwa mkono wako. Ila mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Huyu mtu hakufanya kosa lolote isipokuwa kukufungulia mlango na kukuheshimu.

Nilipompigia Mama tena nikamweleza, aliniomba niache. Anasema niseme tu kwamba waya ulichomoka wenyewe, kwamba jina la Mzee Jethro likitajwa mbele ya Machogu utashindwa kusimama mimbarini. Nimemwambia hapana. Naujua uzito wa ninalolifanya. Najua wapo watakaosema binti wa Jethro hakulelewa. Lakini nililelewa na wewe, na hukunilea niketi kwenye kamati nikimtazama mtu akinyang'anywa kazi huku ninajua.

Kamati inaanza saa nne asubuhi. Nitaomba kusema wa kwanza, na jina lako nitalitaja, uwepo usiwepo. Ningependa sana uwepo. Ukiwa umeketi karibu nami nitakuachia wewe ndiye uanze, kwa kuwa wewe ndiye mkubwa, na mimi nitafuata nyuma yako na stoo yangu mbovu. Benard nimemwambia kwamba nimekuandikia. Alisema hataki uje kumwombea. Anataka uje useme ulichofanya, basi.

Nisalimie Mama na usimgombeze, hakujua uzito wa alichoniambia. Mshukuru Mose kwa niaba yangu, na unisalimie majirani wote wa kilima chetu. Mungu akulinde, akupe nguvu ya goti na ya moyo. Nakupenda, Tata, na haya niliyoyaandika siyafuti.

Ni mimi binti yako,
Abigael.