Ma'mkubwa Atupakisye na Shina la Titi

Yudith, ma'mkubwa leo katuua hospitali!

Alfred, mwanae, alimpeleka kuchukua majibu ya ule uvimbe wa titi. Daktari akamweleza taratibu: titi lina seli shina, ndizo zinazochipua seli nyingine, moja ikiharibika, yaweza kuleta saratani.

Ma'mkubwa huyo, kasimama, anafungua vifungo! "Mgomba ukiugua tunang'oa shina. Ng'oa, baba!"

NG'OA! Mlango wazi, foleni nzima inatazama! Alfred alitamani ardhi ipasuke.

Daktari akasema, "Mama, wewe huna saratani. Ni maji tu, tutayanyonya kwa sindano."

Alfred akalia kwa furaha. Mama mtu kanuna mpaka stendi ya Tukuyu.

"Mama, kulikoni?"

"Jana nilijua nakufa, nikamsamehe wifi yangu. Sasa ule msamaha naurudishaje?"