Maswali ya Daktari Sudhamoy

Krishnanagar, 3 Juni 1968

Baba Bulu,

Shikamoo. U mzima? Nyumba unayomjengea mwanetu Bulu huko Kanpur imefika wapi? Sisi hatujambo, ila rovu langu la shingoni limezidi kuvimba, hata mkufu hauingii. Wifi amenipeleka kwa Daktari Sudhamoy, yule wa homiopathi. Kaniuliza maswali saa nzima: naota nini, naogopa nini, napenda chumvi au sukari, nani kaniliza mara ya mwisho. Nikasema yote, nikalia weee! Kanipa vidonge vitamu, kanikataza vitunguu na tambuu. Shingo bado, ila moyo umepoa.

Mama Bulu

Kanpur, 15 Juni

Mama Bulu,

Barua imefika. Mwili wangu mzima, roho ndiyo haijatulia. Rovu liko shingoni, ndoto zako anazitakia nini? Na ulimwambia unaota nini? Nani alikuliza? Miaka thelathini na nane nalala nawe chumba kimoja, sijaambiwa hata moja! Huyo bwana ana mke? Ana umri gani? Nina wivu, nasema wazi. Leo nimegombana na waashi wawili kwa ajili yako. Usiende tena.

Baba Bulu

Krishnanagar, 2 Julai

Baba Bulu,

Shikamoo. Daktari ana miaka sabini na mbili na meno matatu. Wewe hukuambiwa kwa kuwa hukuuliza. Wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda, nawe huna hata nyama ya kukonda. Nitakwenda kila Jumanne.

Mama Bulu

Krishnanagar, 9 Septemba

Baba Bulu,

Shikamoo. Miezi miwili umeninunia, hata salamu hakuna. Vidonge havikufaa. Wali haushuki kooni, na nikilala chali pumzi inakata. Jana daktari mwenyewe kaniambia, "Mama, mimi nimefika mwisho. Nenda Kalkuta ukapasuliwe, usichelewe." Hospitali inataka sahihi ya mume. Upasuaji ni tarehe ishirini. Naogopa, Baba Bulu. Njoo.

Mama Bulu

Kanpur, 14 Septemba

Mama Bulu,

Mimi sijambo. Hofu zako si anazijua Sudhamoy? Basi atie sahihi yeye. Saruji imeletwa leo, siwezi kuondoka.

Baba Bulu

Kalkuta, 1 Oktoba

Baba Bulu,

Bado niko hai. Tarehe ishirini nilikungoja mlangoni mpaka machela ikaja. Karani akasema bila mume hawezi. Nikamwambia shingo ni yangu, lete kalamu. Nikatia sahihi, wifi akawa shahidi. Rovu wamelitoa, kubwa kama pera. Wauguzi wakauliza mume yuko wapi, nikajibu kazuiwa na saruji. Wodi nzima ilicheka. Mimi niliona aibu kwa niaba yako.

Walinionya kwamba sauti ingeweza kupotea. Haikupotea. Ukirudi nyumbani, tafuta kiti ukae kwanza, kabla sijaanza.

Mkeo,
Nirupama